Wakili Earle Seaton, Mtetezi wa Ardhi ya Meru

Ndugu zangu Wameru tunaoishi Dar es Salaam,

Kila tunapokutana kwa harambee hii tunamtaja Mzee Kirilo Japhet, na anastahili. Mwaka huu nimeombwa niandike juu ya mtu aliyesimama naye, ambaye vijana wetu wengi hawajamsikia: Wakili Earle Edward Seaton.

Seaton alizaliwa mwaka 1924 huko Bermuda, kisiwa kilichotawaliwa na Waingereza kama tulivyotawaliwa sisi. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard nchini Marekani, kisha sheria mjini London. Akiwa bado kijana alikuja Tanganyika na kufanya kazi ya uwakili Moshi. Mkewe, Alberta, Mmarekani mweusi kutoka Houston, alikuwa msomi wa elimu ya wanyama na alipata shahada ya uzamivu Ubelgiji mwaka 1949, wakati ambapo wanawake weusi wenye shahada hiyo walikuwa wakihesabika. Walijaliwa watoto wawili. Mama huyo alikuja kufundisha chuo kikuu Houston kwa miaka mingi, huku kazi za mumewe zikiwa upande mwingine wa bahari. Tunaosifu utumishi wake tusisahau kwamba familia yake nayo ililipa.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wetu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Nyumba zilichomwa moto na mifugo ikafa. Watu walielekezwa King'ori, kwenye joto na malaria. Wazee wetu hawakushika silaha, na fidia waliikataa. Walitafuta wakili.

Seaton aliwaonyesha njia ambayo wachache waliijua. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikabidhiwa kuisimamia tu. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yake moja kwa moja New York.

Lakini New York ni mbali, na safari ni fedha. Mimi ni mhasibu, na kila nikisoma habari hii macho yangu huishia hapa. Wameru walichanga wenyewe, wakulima na wafugaji, wakati jamaa zao wametoka kupoteza nyumba na mifugo. Walitoa bila kuahidiwa kwamba watashinda.

Mwaka 1952 Seaton alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Baraza lilisikitishwa na uhamisho ule, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Mwishoni mwa mwaka huo Mzee Kirilo akazungumza mbele ya Kamati ya Nne, Mtanganyika wa kwanza kusimama Umoja wa Mataifa kudai haki ya watu wake. Suala lilipofika Baraza Kuu, kura hazikufika theluthi mbili.

Kwa hesabu za siku ile, mchango wote ulikuwa hasara. Lakini Mzee Kirilo aliporudi alizunguka nchini akieleza aliyoyaona, na watu wakaelewa kwamba Mwingereza anaweza kuulizwa maswali mbele ya dunia. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa hapa Dar es Salaam, jirani na soko letu la Kariakoo, na Machi 1955 Mwalimu Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini. Leo watoto wa Engare Nanyuki wanalima pale walipofukuzwa babu zao.

Baada ya uhuru Seaton aliitumikia Tanzania, akawa Jaji wa Mahakama Kuu. Tukipita Kivukoni, mbele ya jengo la mahakama linalotazama bandari, tukumbuke kwamba wakili wa wazee wetu alikuwa mmoja wa majaji wa mahakama hiyo. Mwaka 1967 yeye na Mzee Kirilo walitoa kitabu cha kesi yetu. Baadaye alikuwa jaji kwao Bermuda, kisha Jaji Mkuu wa Shelisheli. Alifariki mwaka 1992.

Ndugu zangu, mfuko wa mwaka huu ni wa karo za watoto wa nyumbani wanaokwama sekondari na vyuoni. Miongoni mwao yupo atakayekuwa wakili. Wazee walipotafuta wakili iliwabidi wamtegemee mtu aliyezaliwa ng'ambo ya bahari, na tunamshukuru Mungu alikuwa mtu mwema. Sisi hatuna sababu ya kungoja mwingine aje. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Kila atakayetoa, kidogo au kikubwa, atapewa stakabadhi, na hesabu zitasomwa mbele yenu.

Mungu ailaze roho ya Wakili Seaton mahali pema.