Georges Cuvier, msomi aliyefufua wanyama wa kale na kuacha jeraha Afrika

Leo watoto wa shule wanafundishwa kwamba dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na kwamba baada yao mamalia, yaani wanyama wanaonyonyesha, ndio waliojaa duniani. Lakini miaka mia mbili na kitu iliyopita, wasomi wengi wa Ulaya hawakukubali kwamba aina nzima ya mnyama inaweza kuisha kabisa. Aliyewalazimisha kukubali ni Georges Cuvier. Sayansi inamheshimu mpaka leo, lakini Afrika ina sababu ya kumkumbuka kwa uchungu.

Kijana wa Montbéliard

Cuvier alizaliwa tarehe 23 Agosti 1769 huko Montbéliard, mji ambao leo ni wa Ufaransa lakini wakati ule ulikuwa chini ya watawala wa Württemberg, Ujerumani. Familia yake ilikuwa ya Kiprotestanti, na baba yake alikuwa mwanajeshi mstaafu asiye na mali nyingi.

Alisoma Stuttgart hadi mwaka wa 1788. Kwa kukosa kazi ya serikali, alikwenda Normandie kufundisha mtoto wa familia tajiri. Huko, kando ya bahari, alianza kupasua samaki na konokono na kuchora kila kiungo alichokiona. Wakati Mapinduzi yakimwaga damu Paris, yeye alikuwa mbali na vitabu vyake.

Mwaka wa 1795 aliitwa kufanya kazi katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Paris. Alikuwa na miaka 25 tu.

Tembo walioisha

Mwaka uliofuata, 1796, alisoma mbele ya wasomi wa Paris utafiti wake juu ya tembo. Alionyesha kwa meno na mataya kwamba tembo wa Afrika na tembo wa Asia ni aina mbili tofauti, na kwamba mamothi aliyekuwa akichimbuliwa Siberia si mmoja wao. Basi mamothi yuko wapi? Mnyama mkubwa kiasi kile hawezi kujificha porini bila mtu yeyote kumwona. Jibu la Cuvier lilikuwa moja: amekwisha, na hatarudi tena.

Kisha aligeukia kilima cha Montmartre, pale pale Paris, ambako wachimbaji walikuwa wakitoa jiwe la kutengenezea plasta ya nyumba. Ndani ya jiwe hilo mlikuwa na mifupa. Cuvier aliikusanya kipande kwa kipande.

Njia yake ilikuwa rahisi kueleza lakini ngumu kufanya. Viungo vya mwili vinategemeana: mwenye meno ya kurarua nyama lazima awe na kucha za kushika windo na tumbo la kusaga nyama. Kwa hiyo jino moja linaweza kusema mengi juu ya mnyama mzima. Hivyo ndivyo alivyowaunganisha Palaeotherium, mnyama aliyefanana na tapiri na ambaye ni ndugu wa mbali wa farasi, na Anoplotherium, mwenye kwato na mkia mrefu. Hakuna aliyewahi kuwaona wakiwa hai.

Mwaka wa 1804 alipata jiwe lenye mifupa ya mnyama mdogo. Kwa kutazama mataya na meno, alisema ni oposamu, mnyama wa Amerika anayebeba watoto katika mfuko wa ngozi. Ili kuthibitisha, aliita mashahidi, akakwangua jiwe taratibu mbele yao mpaka ikatokea mifupa miwili myembamba ya mbele ya nyonga, ambayo wanyama wa aina hiyo wanayo. Alikuwa amesema kweli.

Wanasayansi wa leo wanakadiria kwamba wanyama hao wa Montmartre waliishi yapata miaka milioni 35 iliyopita. Ni wa kizazi cha mamalia waliokuwa wameenea baada ya dinosaria kuwaachia nafasi.

Pamoja na Alexandre Brongniart, Cuvier alionyesha pia kwamba tabaka za ardhi ya Paris zimepangana kwa zamu, na kila tabaka lina viumbe vyake. Aliona kwamba kabla ya wakati wa mamalia kulikuwa na wakati wa reptilia wakubwa. Jina dinosaria lenyewe lilitolewa mwaka wa 1842, miaka kumi baada ya kifo chake.

Mwaka wa 1818, huko Oxford, alionyeshwa mataya madogo kutoka tabaka za zamani zaidi, akayatambua kuwa ya mamalia. Leo tunajua yana zaidi ya miaka milioni 160: mamalia wadogo waliishi miguuni mwa dinosaria.

Alipokosea, na alipodhulumu

Cuvier alikataa kabisa kwamba aina moja ya mnyama inaweza kubadilika ikawa nyingine. Alimpinga Lamarck, akitoa mfano wa ndege waliokaushwa makaburini Misri, ambao hawakutofautiana na wale walio hai. Hakujua kwamba miaka elfu chache ni kitu kidogo sana katika umri wa dunia.

Kosa zito zaidi ni lingine. Mwaka wa 1815, Sarah Baartman, mwanamke Mkhoikhoi wa Afrika Kusini aliyekuwa akionyeshwa Paris kama kitu cha ajabu, aliletwa mbele ya wasomi kuchunguzwa. Alipokufa mwishoni mwa mwaka huo, Cuvier aliupasua mwili wake, akautolea sanamu ya plasta, na kuhifadhi mifupa, ubongo na viungo vyake vya siri. Katika maandishi yake alimlinganisha na nyani, na aliwapanga watu kwa rangi huku akiwaweka weupe juu.

Sayansi ya namna hiyo ilifika hata kwetu. Fuvu la chifu Lusinga, aliyeuawa mwaka wa 1884 na watu wa Émile Storms karibu na ziwa Tanganyika, lilipelekwa Ubelgiji na kupimwa huko.

Cuvier alifariki Paris tarehe 13 Mei 1832, baada ya kupooza kwa siku chache. Watoto wake wote wanne walikuwa wametangulia. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel. Sarah Baartman alingoja zaidi: Ufaransa ilimrudisha nyumbani mwaka wa 2002, akazikwa Hankey tarehe 9 Agosti, miaka 186 baada ya kufa.