Laughnan, mtaalamu aliyeyapa mahindi utamu wa kudumu

MKULIMA aliyezoea kuchagua mbegu angezitupa punje zile bila kusita. Zilikuwa nyepesi, zimesinyaa na kujikunja mithili ya zabibu kavu. John Laughnan, mtaalamu wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alizitia mdomoni, akazitafuna, akashangaa kuona ni tamu kupita kiasi.

Laughnan, aliyezaliwa mwaka 1919, hakuwa mzalishaji wa mbegu. Alipata mafunzo yake katika Chuo Kikuu cha Missouri chini ya Lewis Stadler, bingwa wa uchunguzi wa jeni, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jeni inayozipa punje za mahindi rangi. Karibu kabisa na jeni hiyo ipo nyingine ambayo ikiharibika, punje husinyaa zinapokauka. Yeye aliitumia kama alama tu ya kufuatilia urithi wa ile ya rangi. Ulimi ndio uliomfungulia mlango mwingine.

Mahindi matamu ya enzi hizo yalikuwa na dosari moja kubwa. Mara yanapovunwa, sukari yake huanza kugeuka wanga, hivyo mvunaji alilazimika kukimbizana na saa. Mbegu chotara ya Golden Cross Bantam, iliyotolewa na Glenn Smith wa Purdue katika miaka ya 1930, ilikuwa imeleta mavuno mengi na kustahimili ugonjwa wa mnyauko. Utamu wake, hata hivyo, haukudumu. Punje za Laughnan zilisinyaa kwa sababu hazikuweza kujaza wanga ipasavyo, na sukari ikabaki palepale. Vipimo vilionyesha sukari mara 4 hadi 10 zaidi ya ile ya mahindi matamu ya kawaida.

Alichapisha matokeo hayo mwaka 1953. Wazalishaji wa mbegu hawakusisimka, na kwa haki hawakuwa wapumbavu. Mbegu iliyosinyaa ina akiba ndogo ya chakula. Ikipandwa katika udongo wa baridi huoza au huota kwa kusuasua. Nani angemuuzia mkulima mbegu yenye sura ya takataka?

Laughnan akaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Alichukua mistari safi ambayo ni wazazi wa chotara zilizokwisha kujulikana, akaipandisha na mahindi yenye punje zilizosinyaa, kisha akairudisha kwa mzazi wa awali kizazi baada ya kizazi, akiteua tu ile iliyobeba jeni aliyoitaka. Ni kazi ya miaka, ya kufunika mbelewele kwa mifuko juani. Kampuni ya Illinois Foundation Seeds ilikuwa ya kwanza kukubali kuuza chotara iliyopatikana, kwa jina la Illini Xtra Sweet.

Hata hapo taabu haikuisha. Chavua ya mahindi ya kawaida ikipeperushwa na upepo hadi kwenye shamba hilo, punje huwa ngumu zenye wanga. Ajabu ni kwamba hata chavua ya mahindi matamu ya zamani huleta madhara hayohayo, maana kila upande huziba pengo la mwenzake. Mkulima hana budi kuyatenga mashamba, au kupishanisha siku za kupanda.

Ilichukua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa chotara za aina hii kuenea, wasafirishaji wa masafa marefu walipotambua thamani ya hindi linalobaki tamu siku kadhaa baada ya kuvunwa.

Wakati huo Laughnan mwenyewe alikuwa amezama katika jambo jingine: mahindi yasiyotoa chavua, ambayo humwokoa mzalishaji wa mbegu na gharama ya kung'oa mbelewele kwa mikono. Baada ya ugonjwa wa majani kuyashambulia vibaya mahindi ya Marekani mwaka 1970, hasa yale ya aina moja isiyo na chavua, utafiti wake juu ya aina tofauti ulipata uzito mpya. Aliendelea nao kwa miaka mingi. Alifariki dunia mwaka 1994.