Alan Parks

Alan Guyatt Parks (1920 – 1982) alikuwa daktari mpasuaji kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa upasuaji unaomwezesha mgonjwa aliyeondolewa utumbo mpana wote kuendelea kwenda haja kubwa kwa njia ya kawaida, bila kuvaa mfuko juu ya tumbo.

Maisha

Parks alisomea tiba katika Chuo Kikuu cha Oxford, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, na katika hospitali ya Guy's jijini London. Kuanzia mwaka 1959 alikuwa daktari bingwa katika hospitali mbili za jiji hilo, St Mark's na London Hospital. St Mark's ilijulikana kwa kutibu maradhi ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa, maradhi ambayo watu huona haya kuyataja hata mbele ya daktari. Parks aliyafanya kazi ya maisha yake. Alichunguza bawasiri, fistula na misuli inayozuia haja. Mpangilio wa aina za fistula alioutoa pamoja na wenzake mwaka 1976 ungali unafundishwa.

Tatizo lililokuwepo

Ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana humfanya mtu ahare damu, na ukizidi unaweza kumuua. Kuondoa utumbo mpana pamoja na puru huumaliza. Lakini zamani aliyepasuliwa hivyo alitobolewa tundu tumboni, na mwisho wa utumbo mwembamba ukatolewa hapo. Kinyesi, ambacho bado ni majimaji, kilitoka bila hiari yake na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Ikumbukwe kwamba wengi wa wagonjwa hawa ni vijana, ambao bado wanawaza ndoa na kazi. Walipona, ila kwa gharama ambayo wengine waliiogopa kuliko ugonjwa.

Mwaka 1947 Mark Ravitch na David Sabiston wa Marekani walieleza namna ya kuunganisha utumbo mwembamba moja kwa moja na njia ya haja. Njia hiyo haikuenea: utumbo mwembamba hauna ghala, hivyo mgonjwa alikwenda chooni mara nyingi mno, mchana na usiku. Mwaka 1969 Nils Kock wa Gothenburg, Sweden, alieleza jinsi alivyoshona ghala hilo ndani ya tumbo kwa kutumia utumbo mwembamba wenyewe. Baadaye aliliongezea vali. Mgonjwa aliingiza mpira mwembamba tunduni mara kadhaa kwa siku na kulimwaga. Mfuko wa nje uliondoka, tundu likabaki.

Mfuko wa Parks

Parks aliunganisha mawazo hayo mawili. Alijua kwamba ugonjwa huu hukaa katika utando wa ndani, na kwamba misuli ya kuzuia haja ni mizima. Basi aliubandua utando na kuiacha misuli. Kisha alikunja sehemu tatu za utumbo mwembamba kwa umbo la herufi S, akazishona kuwa mfuko mmoja, akaushusha na kuuunganisha kwa mkono na njia ya haja. Yeye na John Nicholls walitangaza kazi hiyo katika British Medical Journal mwaka 1978.

Haikuwa bila kasoro. Mkia wa utumbo chini ya mfuko ulikuwa mrefu, na wagonjwa wengi walilazimika kuumwaga kwa mpira, safari hii kupitia njia ya haja.

Mwisho wa maisha na baada yake

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1977, na mwaka 1980 akawa rais wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Uingereza. Alifariki mwaka 1982 akiwa bado rais.

Mwaka 1980 Joji Utsunomiya wa Japani alieleza mfuko wenye umbo la herufi J, usio na mkia ule. Ndio unaotumiwa zaidi siku hizi. Mwenye mfuko huo bado huenda chooni mara nyingi kuliko watu wengine, na mfuko huweza kupata uvimbe unaotibiwa kwa antibiotiki.