Elspeth Huxley na Safari Asiyoifunga

Marehemu Bibi Elspeth Huxley, Mwingereza, alizaliwa London mwaka 1907 na akafariki mwaka 1997. Wengi humjua kwa kitabu kimoja tu, The Flame Trees of Thika, alichokitoa mwaka 1959, na kwa mchezo wa televisheni wa sehemu saba uliotokana nacho mwaka 1981. Mtu apendaye kutunga hadithi za filamu ana mengi ya kujifunza kwake, mema na mabaya.

Wazazi wake, Josceline Grant na mkewe Nellie, walifika mwaka 1912 kulima kahawa Thika, katika nchi ya Wakikuyu. Kitabu chaanza kwa mtoto na mamaye juu ya gari la ng'ombe, wakitoka Nairobi. Kumbe binti huyo alikuwa bado Uingereza. Alifika Desemba 1913, umri wa miaka sita, akiletwa na mwalimu wake na mtumishi. Safari ile ya kwanza hakuwamo!

Si haki kumwita mwongo. Wazazi aliwabadili majina, wakawa Robin na Tilly, na nafsi yake akaipandisha garini, kwa kuwa kisa hakisimami bila ya shujaa kuondoka kwao. Mmarekani Joseph Campbell alilieleza jambo hilo mwaka 1949: mtu huhama, hujaribiwa, akarudi si yule aliyeondoka. Kwetu pwani halikungoja Mmarekani. Fumo Liyongo alitiwa gerezani, akaletewa tupa ndani ya mkate, akaingia mwituni akiwa mtu mwingine; na utenzi wake Muhamadi Kijumwa aliuandika mwaka huohuo wa 1913.

John Hawkesworth, aliyeandika mchezo wa televisheni, aliifuata njia ya kitabu. Hayley Mills akawa Tilly, na mtoto akawa jicho letu hadi vita vya 1914 vilipoivuruga nyumba.

Lakini katika kisa hiki Wakikuyu hukaa pembeni, wakibeba mizigo, wakichekesha. Nao ndio waliobadilika kuliko wote: mwenye ardhi alilala bwana, akaamka kibarua. Shujaa hasa wa Thika, kwa maoni yangu, alikuwa huyo.

Ajabu ni kwamba Bibi Huxley alilijua. Mwaka 1935 alikuwa amemsifu Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, kwa vitabu viwili vizima, na alichelewa sana kukubali kwamba Waafrika wajitawale. Hata hivyo mwaka 1939 alitoa Red Strangers, kisa cha ndugu wawili wa Kikuyu, Muthengi na Matu, tangu kabla ya Mzungu kuonekana. Humo wageni ni hao Wazungu wekundu, na safari ni ya wenyeji. Thames Television, ilipotafuta kisa cha kuonyesha, ilichukua kile cha mtoto juu ya gari la ng'ombe.