Marehemu Alhaji Sir Abubakar Tafawa Balewa: Mwalimu Aliyerudi Kuwa Mwanafunzi

Marehemu Alhaji Sir Abubakar Tafawa Balewa alizaliwa mwaka 1912 katika nchi ya Bauchi, kaskazini ya Nigeria. Alisoma katika chuo cha Katsina, kisha akarudi Bauchi kusomesha, hata akawa mwalimu mkuu. Kwa Kihausa alitunga hadithi ya Shaihu Umar.

Mwaka 1945, hali umri wake umepita miaka thelathini na cheo anacho, hakuona haya kuketi tena mbele ya mwalimu. Alisafiri hadi Uingereza, akaingia Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha London. Kiingereza alikijua tangu Katsina. Huko alizidi kukipata kwa wenyewe. Mwaka 1946 alirejea na cheti chake cha ualimu.

Faida haikukawia. Mwaka 1947 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Nigeria, ambamo mashauri yaliendeshwa kwa Kiingereza, na watu wa kaskazini, waliochelewa kuipata elimu hiyo, walihitaji msemaji. Mwaka 1957 akawa Waziri Mkuu. Oktoba 1960, Nigeria ilipokwisha kupata uhuru, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaisemea nchi yake kwa ufasaha.

Aliuawa Januari 1966, wanajeshi walipoipindua serikali. Lugha ya kigeni haikumtoa katika dini yake wala haikumsahaulisha Kihausa. Aliifanya chombo cha kuwavusha watu wake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.