Abebe Bikila: kuanza tena baada ya ugonjwa

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, Ethiopia, mtoto wa familia ya wafugaji. Akiwa kijana aliingia katika jeshi la walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko kocha Onni Niskanen, aliyetoka Uswidi, akamfundisha mbio ndefu.

Mwaka wa 1960, mwaka ule ule Congo yetu ilipopata uhuru, Abebe alikwenda Roma kwa michezo ya Olimpiki. Usiku wa tarehe 10 Septemba alikimbia marathoni, kilometa 42 na mita 195, bila viatu. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Askari wa Italia walikuwa wameivamia nchi yake mwaka wa 1935. Sasa mwana wa nchi hiyo alishangiliwa katika mji wao mkuu.

Miaka minne baadaye alikuwa akijitayarisha kwa Olimpiki ya Tokyo. Zilipobaki wiki chache tu, maumivu makali ya tumbo yalimshika. Ilikuwa apendisi, yaani kidole tumbo, akapasuliwa. Wengi walidhani safari imekwisha. Lakini alianza tena, kwanza kwa mwendo mdogo, na inasimuliwa kwamba alijaribu miguu yake katika uwanja wa hospitali. Tarehe 21 Oktoba 1964 aliingia peke yake katika uwanja wa Tokyo, akimtangulia wa pili kwa zaidi ya dakika nne. Alitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11, muda ambao hakuna mtu duniani aliyekuwa ameufikia katika marathoni. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Tusidhani kwamba wiki zile chache ndizo zilizomjenga. Nguvu zake zilikuwa zimewekwa akiba kwa miaka mingi ya mazoezi katika milima ya Ethiopia. Kijana wa Kalima anayetoka katika malaria au operesheni asichukue habari hii kuwa ruhusa ya kukimbia kesho. Amsikilize muganga, ale, alale, atembee kwanza. Hata nabii Elia, alipochoka mpaka akaomba kufa, hakupewa kazi mara moja. Katika 1 Wafalme 19 tunasoma kwamba malaika alimwacha alale, akamlisha mara mbili, ndipo akaanza safari ya siku 40. Kupumzika hakukuwa ukosefu wa imani.

Lakini maisha ya Abebe hayakuishia Tokyo. Mwaka wa 1968, huko Mexico, mfupa wa mguu ulimuuma, akaacha mbio kabla hazijafika nusu. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeshinda. Kisha, Machi 1969, gari lake lilipinduka usiku. Alipelekwa kutibiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, lakini hakutembea tena.

Safari hii mazoezi hayakumrudishia miguu. Hata hivyo alianza tena, kwa njia nyingine. Akiwa katika kiti cha magurudumu alijifunza kulenga shabaha kwa upinde na mishale, na mwaka wa 1970 alishindana katika michezo ya watu wenye ulemavu huko Stoke Mandeville. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41. Makumi ya maelfu ya watu walimsindikiza, na mfalme akiwemo.

Katika makanisa yetu tunapenda ushuhuda wa aina ya Tokyo: mtu aliugua, akaombewa, akasimama, akashinda. Tumshukuru Mungu kwa ushuhuda huo. Lakini kati yetu wamo pia waliobaki na fimbo au kitanda, na mara nyingine tunawatazama kana kwamba imani yao ni ndogo. Waebrania 12 inatuita tukimbie kwa saburi katika mbio tulizowekewa. Kila mtu amewekewa njia yake. Basi tuwatembelee wagonjwa wetu, tuwape nafasi ya kutumika pamoja nasi, na tusipime neema ya Mungu kwa nguvu za miguu ya mtu.

Bwana awape nguvu wote wanaoanza tena.