Eastman na neno lisilo na mzizi

Tunapochambua mizizi ya maneno darasani, mimi humkumbuka George Eastman wa Rochester, Marekani. Alizaliwa 1854, akafiwa na baba, akaacha shule mapema ili kumsaidia mama. Akiwa karani wa benki alijifunza kupiga picha; mwaka 1880 akaanza kutengeneza bamba za picha za kuuza. Mwaka 1888 alitoa kamera ya picha 100: mteja anabonyeza, kiwanda kinaosha. Akaiita Kodak, neno alilolibuni, halina mzizi wala maana. Tangu 1912 aligawia wafanyakazi sehemu ya faida. Aliugua, akajiua 1932. Neno lake lilipata maana vinywani mwa watu. Istilahi zetu nazo zitaishi kwa kutumiwa, si kwa kuorodheshwa.